Njia ya Mita Tatu na Nusu

Jumapili, 1 Machi

Mvua bado. Saa nane mawingu yalijikusanya upande wa Jogoo Road, yakatutazama, yakaenda zake.

Tulipotoka kanisani Mama Adoyo hakubadilisha nguo. Alikaa mezani na gauni lake la Jumapili akaniambia anataka tugawe ploti. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kana kwamba anaomba chumvi.

"Tuuze?" nikauliza.

"Sijasema tuuze. Nimesema tugawe. Wewe ubaki na nyumba. Mimi nipe uani, pamoja na vile vyumba viwili vya nyuma ninamoshonea. Kila mtu na hati yake na geti lake."

"Na sisi?"

Akatazama mikono yake. "Siwezi kuishi nawe, Baba Adoyo. Na siwezi kwenda mbali na mahali mtoto wangu aliishi. Mwaka mzima nimetafuta namna nyingine, sijaiona."

Akaomba jambo moja tu. Chumba cha Adoyo kisiguswe. Kitabaki upande wangu, lakini nisikipangishe wala nisibadilishe kitu, na yeye awe anaingia anapotaka.

Nikasema sawa. Ndoa ya miaka ishirini na minane, na neno nililolipata ni sawa.

Jumanne, 3 Machi

Nimetoa daftari hili kwenye sanduku la vitu vya kazini. Nilikuwa mchoraji wa ramani katika shirika la reli kwa miaka thelathini na mmoja: stesheni, karakana, nyumba za wafanyakazi. Kwa hiyo Mama Adoyo haoni haja ya kutafuta mtu wa kuchora. "Wewe ndiye mchoraji," amesema, na kwake hayo yametosha.

Ploti yetu iko mwisho wa kot, kichochoro cha nyumba kisichopenya upande wa pili, hapa Buruburu. Ploti za mwisho wa kot zilitoka na umbo la ajabu, nyembamba mbele, pana nyuma. Nyumba imejaza sehemu ya mbele. Kulia kuna jikoni niliyoiongeza na kibanda cha gari. Kushoto, kati ya nyumba na ukuta wa jirani, kuna mita tatu na nusu, na hapo ndipo kilipo chumba cha Adoyo.

Nilikijenga alipofika miaka kumi na sita. Alizaliwa na sikoseli, ugonjwa wa damu, na kufikia umri huo ugonjwa ulikuwa umemla nyonga hata hawezi kupanda ngazi kwenda kulala. Nilikimaliza kwa wiki tano, bila kibali. Mimi, niliyekuwa nikiwafokea watu kwa kuchora choo bila muhuri. Hakuna karatasi yoyote ya serikali inayokijua chumba hicho.

Jumamosi, 7 Machi

Joto. Nimekwangua kutu kwenye geti.

Jumanne, 10 Machi

Nimechora.

Mtu yeyote aliyewahi kusimama kwenye meza ya mipango anajua kwamba ploti isiyo na njia ya kufika barabarani haipitishwi. Ploti ya mbele haina shida. Ya nyuma, ambayo itakuwa ya Mama Adoyo, lazima ipewe njia ubavuni mwa nyumba. Namna ya haki ni kuipitisha kulia. Nipoteze kibanda cha gari na nusu ya jikoni, basi. Nilichora hivyo kwa penseli. Ikakaa vizuri.

Kisha nikaifuta.

Nikachora mstari mmoja tu wa kukata ploti katikati, mbele yangu, nyuma yake, bila njia. Itakwama kwenye ukaguzi wa awali. Watairudisha na wino mwekundu, nitasema nairekebisha, nitachukua muda wangu, mvua itakwisha, shule zitafunguliwa na sare za kushona zitakuwa nyingi, na kabla hatujajua Krismasi itakuwa imefika. Watu wanaongoja katika nyumba moja hula meza moja.

Ule upande wa kushoto nimeuonyesha mtupu, kama ulivyo kwenye ramani ya zamani. Kukionyesha chumba kungeleta maswali.

Naandika haya ili pawe na mahali pamoja ambapo nimesema kweli.

Alhamisi, 12 Machi

Ramani inahitaji muhuri wa mpimaji mwenye leseni, kwa hiyo nimeenda kwa Mulwa, ambaye tulikuwa naye relini na sasa ana ofisi juu ya duka la dawa. Aliitandaza mezani, akavaa miwani, akaivua.

"Ondiek, huyu wa nyuma atafika kwake na nini? Na ndege?"

"Wewe piga muhuri tu."

"Hii itarudi."

"Wacha irudi."

Akakunja miwani yake. "Mama Adoyo anajua?"

"Ameniachia mimi ramani."

Akapiga muhuri. Aliponirudishia karatasi hakuziachilia mara moja. "Jina langu pia liko hapo, bwana," akasema.

Ijumaa, 13 Machi

Mama Adoyo ametia sahihi. Alisoma majina yetu yote mawili, herufi kwa herufi, kuhakikisha hayakukosewa. Ramani hakuitazama. Aliuliza, "Hapa?" nikasema, "Hapo," akaandika.

Ijumaa, 20 Machi

Tangazo limewekwa getini: mwenye pingamizi aandike kabla ya siku kumi na nne kwisha. Kweyu, mwenyekiti wa kot yetu, alisimama akalisoma lote, mikono nyuma.

"Mnauza?"

"Tunagawa."

"Na nani?"

Nikatazama upande wa uani, akaelewa, akaanza kuzungumzia taka zisizochukuliwa.

Jioni mvua ya kwanza.

Jumanne, 24 Machi

Mvua. Mama Adoyo alipika omena na tukala pamoja bila redio. Nilikuwa na furaha. Niliona aibu baadaye.

Alhamisi, 2 Aprili

Nimeitwa ofisi ya mipango. Mama Adoyo alikuwa amekwenda kupeleka sare kabla shule hazijafungwa, nikaenda peke yangu, moyo mwepesi, kupokea barua ya kukataliwa.

Afisa anaitwa Bi Shitanda. Msichana mdogo, hajafika thelathini, kucha fupi, mezani ana chai iliyopoa na mafaili yamemfika kidevuni. Nilijisemea, huyu ni wa juzi, atakataa haraka aende kwa linalofuata.

"Mzee, nilikuwa nimeshaanza kuandika barua ya kukataa," akasema. "Ploti ya nyuma haina njia. Halafu nikafikiria, hawa ni mke na mume, wamekubaliana bila korti, kwa nini niwarudishe nyumbani waanze upya? Nikaangalia tena. Ona."

Ncha ya kalamu yake ikatua upande wa kushoto.

"Hapa pako wazi. Mita tatu na nusu. Kwa kawaida tunataka zaidi, lakini ni nyumba moja tu itakayotumia. Nimezungumza na watu wa idara ya barabara, wamekubali. Nitapendekeza mpewe kibali chenye masharti. Sharti kubwa ni hilo, kipande hiki kiwe njia." Akatabasamu. Alikuwa amefanya kazi ambayo si yake, kwa wema tu. "Nimewatafutia njia, mzee."

Hapo ndipo ningesema. Maneno yalikuwa machache: pana chumba hapo. Lakini angeuliza kwa nini sikukichora, na nyuma ya swali hilo kulikuwa na lingine.

Nikamshukuru. Akasema atakuja kuangalia ploti kwa macho yake.

Nyumbani Mama Adoyo aliuliza wamesema nini. Nikasema bado wanakagua.

Jumapili, 5 Aprili

Pasaka. Mvua usiku kucha. Maji yameingia mpaka kizingiti cha jikoni.

Alhamisi, 9 Aprili

Nimeamka na nia ya kumwambia. Alikuwa na mteja.

Jumamosi, 11 Aprili

Nimeamka na nia ya kumwambia. Alikuwa chumbani kwa Adoyo, anafungua madirisha hewa ipite. Aliniambia pazia linaota ukungu na atalifua jua likitoka.

Jumanne, 14 Aprili

Bi Shitanda amekuja leo asubuhi, na gambuti na mwavuli na futi ya kupimia. Sikujua ni leo. Alipita moja kwa moja kushoto mwa nyumba, nikamfuata, na tulipopinda kona akasimama.

"Mzee, hiki ni nini?"

"Chumba."

"Hakiko kwenye ramani."

Mama Adoyo alikuwa amesikia sauti. Alikuja kutoka uani, futi ya kushonea shingoni, mvua ikimnyeshea kichwani. Akamsalimu mgeni kwanza, kama kawaida yake, kisha akasema, "Ni cha mtoto wetu."

"Yuko ndani?"

"Hayuko. Miaka miwili sasa."

Msichana yule alifunga futi yake polepole. Sauti ilimshuka. "Pole sana, mama. Sikujua. Lakini mama, njia ya kwenda kwako inapita hapa. Nilimweleza baba tarehe mbili. Hakukuambia?"

Mama Adoyo hakunitazama. "Hakuna upande mwingine?"

"Ingeweza kuwa kulia, kama ingechorwa hivyo. Lakini mimi nakagua kilicholetwa. Hiki hakikuonyeshwa, na hakina kibali. Kwa faili letu hapa ni patupu."

Alimaliza vipimo vyake upesi, akaondoka bila kunywa chai aliyokaribishwa. Getini aliniambia, "Mzee, ungesema tu." Hakukuwa na hasira katika sauti yake. Heri kungekuwa na hasira.

Ndani, Mama Adoyo alikaa mezani na nguo zake mbichi.

"Ulijua."

Nikamwambia yote. Mstari niliofuta, muhuri wa Mulwa, jinsi nilivyotaka irudishwe na irudishwe tena. Nikamwambia sikuwaza kamwe kwamba mtu angekigusa chumba. Alisikiliza mpaka mwisho. Maji yalikuwa yanamtiririka kutoka nywele hadi kwenye kola, na hakuyapangusa.

"Ulitaka nikae."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukuniambia, 'Celine, kaa'?"

Nilimletea taulo, akaliweka mezani.

"Nisingekaa," akasema. "Lakini ungekuwa umeniambia."

Jumatano, 15 Aprili

Anakula kwake, nyuma. Nasikia cherehani.

Alhamisi, 16 Aprili

Cherehani.

Jumapili, 19 Aprili

Alikwenda misa ya kwanza. Mimi ya pili.

Alhamisi, 23 Aprili

Mulwa amekuja na mkate. Nilidhani atanisuta. Alikaa saa nzima akizungumzia magoti yake. Alipoinuka alisema, "Makosa ni yetu wawili. Nenda ofisini uiondoe hiyo karatasi. Tuchore vizuri, nitapiga muhuri bure." Nilimdhania mtu wa kusukumika. Kumbe alikuwa rafiki, na mimi ndiye niliyemtumia vibaya.

Jumapili, 26 Aprili

Miaka miwili leo. Sijawahi kuiandika siku ile, na wala sijawahi kuisema.

Ilikuwa Ijumaa, mwaka ule wa mafuriko. Adoyo alikuwa na miaka kumi na tisa. Maumivu yalimwanza asubuhi, miguuni na mgongoni, kama yalivyomwanza mara mia. Tulikuwa tumezoea. Mtu huzoea, hilo ndilo jambo baya. Tulimpa dawa, tukampa maji mengi, Mama Adoyo akajaza chupa ya maji moto akaiweka nyongani. Mchana akasema kifua kinambana. Hicho kilikuwa kitu kipya. Aliniangalia mimi. Hakulia, yeye hakuwa mtu wa kulia. Alisema, "Baba, leo ni tofauti."

Nje mvua ilikuwa inapiga hata huoni geti. Barabara ilikuwa mto. Gari letu lilikuwa kuukuu na kila tone likiingia kwenye plagi linazima. Nilifikiria kukwama katikati ya maji na mtoto mgonjwa kiti cha nyuma. Yalikuwa mawazo ya busara. Nimeyarudia mara nyingi na kila mara ni ya busara.

Nikasema, "Tungoje mvua ipungue."

Ilipungua saa kumi na moja. Tukamfunika blanketi mbili, nikambeba. Alikuwa mwepesi. Tulifika kwenye mzunguko wa barabara, hata nusu ya safari ya hospitali hatujamaliza, na Mama Adoyo, aliyekuwa amempakata nyuma, akasema, "Punguza mwendo." Nikauliza kwa nini. Akasema, "Hakuna haraka tena."

Leo tulikwenda kanisani kila mtu kwa njia yake. Niliporudi nilimkuta ameketi kitandani kwa Adoyo, mlango wazi. Nilisimama nje. Sikuingia, na yeye hakuniita.

Jumatano, 29 Aprili

Barua imekuja. Kibali chenye masharti, kurasa mbili. Ploti ya nyuma iachiwe njia ya mita tatu na nusu upande wa kushoto. Chochote kilichojengwa ndani ya njia hiyo kiondolewe katika siku sitini, la sivyo kibali kitakufa. Kila nyumba iwe na bomba lake la maji machafu. Mpimaji aweke alama za mipaka baada ya ukaguzi.

Niliipeleka kwake uani, mara ya kwanza kukanyaga huko tangu tarehe kumi na nne. Alikuwa anapiga pasi kola za sare. Nilikuwa nimejiandaa. Nikamwambia nitaiondoa. Nitachora upya, njia ipite kulia, nitabomoa jikoni yangu yote kama inahitajika, nipike nje kwa jiko la makaa. Chumba hakitaguswa. Mulwa amekubali, Bi Shitanda ataelewa.

"Itachukua muda gani?"

"Miezi mitatu. Minne. Tungoje kidogo tu—"

Neno lilikuwa limeshatoka. Aliweka pasi wima.

Hakupaza sauti. "Baba Adoyo," akasema, "neno hilo usinitumie tena maisha yako yote."

Nilisimama na barua mkononi. Mvua ilianza kugonga mabati ya chumba chake, kwanza tone moja moja, kisha yote.

"Kibomolewe," akasema.

"Celine."

"Nimeingia chumba hicho kila siku kwa miaka miwili. Kila siku nikifungua mlango namkuta hayupo. Nafagia, natoka, kesho naingia, hayupo. Nilidhani nakilinda." Akachukua kola nyingine, akainyoosha kwa kiganja. "Sitangoja tena kitu chochote na wewe. Kibomolewe, nipate njia yangu."

Jumamosi, 2 Mei

Hakubadili nia. Nilimuuliza mara moja tu.

Alhamisi, 7 Mei

Mvua, mvua.

Jumamosi, 9 Mei

Tumetoa vitu vya Adoyo. Hatukupanga, nilisikia mlango nikaenda, na safari hii niliingia.

Tulifanya kazi kama watu wawili walioajiriwa siku moja. Alikunja, nikafunga. Vitabu vyake vya chuo, alivyovisoma muhula mmoja. Blanketi za sufu. Viatu vya kanisani ambavyo soli ya mguu wa kulia niliipandisha kwa mpira ili asichechemee. Mama Adoyo alivigeuza, akaitazama ile soli, akaniuliza kama naweza kubaki navyo. Nikasema naweza.

Chupa ya maji moto aliichukua yeye. Hakuuliza.

Kitanda tumempa mke wa Kweyu kwa ajili ya mama yake mzee.

Jumamosi, 16 Mei

Opicho amekuja na vijana wawili na nyundo. Ndiye aliyenijengea jikoni, fundi wa kutoka kwao Mama Adoyo, huko Bungoma. Saa mbili asubuhi, jua kali, siku ya kwanza ya jua wiki nzima.

Walitoa mabati, wakatoa dirisha. Kisha nyundo ikapiga ukuta, ukuta haukusikia. Wakapiga tena. Opicho akasogea, akatazama ufa.

"Mzee, hii ukuta ni mbili. Nani alijenga hivi? Nyumba ya watu hapa Eastlands hakuna mwenye anaweka ukuta mbili."

"Mimi."

"Ya nini?"

Mama Adoyo alikuwa amesimama uani kwake, mikono kifuani. Nikajibu kwa sauti ya kumfikia. "Baridi ilikuwa inamwanzishia maumivu. Niliacha nafasi katikati, nikajaza vumbi la mbao, joto lisitoke."

Opicho aliweka nyundo chini. Akawaambia vijana waende wakanywe chai.

Tukabaki watatu, kisha Opicho naye akaondoka. Mama Adoyo alikuja akaweka kiganja kwenye ule ufa, mahali vumbi la mbao lilikuwa linamwagika, jeupe bado, kavu.

"Sikujua uliweka kuta mbili."

"Hukuwepo. Mama yako alikuwa anaumwa, ulikuwa kwenu."

Vumbi likaendelea kumwagika juu ya kandambili zake. Sijui ujasiri ulitoka wapi. Labda ni kwa sababu ukuta ulikuwa umeshapasuka.

"Siku ile," nikasema, "ni mimi niliyesema tungoje."

"Najua."

"Sijawahi kukuomba msamaha."

"Najua." Alikuwa anatazama kiganja chake. "Na mimi nilikuwa hapo, Sylvance. Ulisema tungoje, ukaniangalia. Unakumbuka? Uliniangalia. Na mimi nikasema, 'Haya.'"

Hilo sikulikumbuka. Naapa, miaka miwili nimejikumbuka peke yangu katika chumba kile.

"Nikasema haya," akarudia. "Mama mzima. Mtoto ananiambia kifua kinambana, na mimi nikasema haya, nikaenda kujaza chupa tena. Wewe hukunizuia kutoka. Ningeweza kumbeba. Ningeweza kupiga kelele kot nzima ikatoka. Kila nikikuona mezani unakunywa chai, nasikia mdomo wangu ukisema haya. Si wewe ninayekukimbia, wewe huna ubaya. Lakini siwezi kujiona kila siku, asubuhi na jioni, katika uso wako. Siwezi."

Nilitaka kumshika. Nilinyoosha mkono, na yeye akauchukua, akaushika kwa mikono yake miwili iliyojaa vumbi, kwa nguvu, kama mtu anayeaga stesheni. Kisha akauachia, akaenda kuwaita vijana.

Kufikia saa tisa hapakuwa na ukuta. Opicho alikataa kuondoka kabla hajafagia.

Jumapili, 17 Mei

Sikwenda kanisani.

Jumatano, 20 Mei

Mwanga unaingia sebuleni kutoka upande uliokuwa umezibwa na chumba.

Alhamisi, 28 Mei

Lori limemwaga kokoto. Mama Adoyo alizisawazisha mwenyewe kwa reki mpaka jioni. Nilimtazama kutoka dirishani nikiwa na reki yangu mkononi, na sikutoka.

Alhamisi, 4 Juni

Bi Shitanda amekuja kukagua. Alipima mara tatu sehemu tatu: mita tatu na nusu, tatu na nusu, tatu na nusu na sentimita mbili. Akatia alama kwenye fomu yake. "Masharti yote yametimizwa," akasema, kisha akatazama chini, mahali sakafu ya chumba ilikuwa, akaongeza, "Mzee, ningejua ningewarudisha."

Nikamwambia hakukosea. Alifuata ramani aliyopewa. Nilimdhania mtoto wa juzi, na yeye peke yake katika jambo hili lote ndiye aliyetafuta njia ya kuwafaa watu.

Jumanne, 9 Juni

Mulwa ameweka alama za mipaka, vyuma vinne kwenye saruji. Mama Adoyo alisimama upande wake wakati saruji inamwagwa, mimi upande wangu. Mulwa alikuwa katikati na ndiye aliyekuwa na machozi.

Ijumaa, 12 Juni

Baridi imeingia. Mvua imekwisha, nadhani.

Alhamisi, 18 Juni

Namba mbili mpya za ploti. Yangu inaishia na moja, yake na mbili.

Jumapili, 21 Juni

Leo baada ya kanisa nilikuwa jikoni. Nikasikia kokoto. Sasa nazijua hatua zake juu ya kokoto, fupi, mguu wa kushoto mzito kidogo. Kwa kawaida hupita moja kwa moja hadi barabarani. Leo zikasimama, zikaja mpaka mlango wangu wa mbele.

"Hodi," akasema.

Miaka ishirini na minane ameishi katika nyumba hii. Alizaa akiwa katika nyumba hii. Hajawahi kupiga hodi.

"Karibu," nikasema, kwa sababu ndilo jibu lake.

Hakuketi. Alikuwa na fomu. Anataka kuongeza chumba cha tatu uani, safari hii kwa kibali, kila kitu kwenye ramani, na ofisi inataka sahihi ya mwenye ploti inayopakana, kwamba hana pingamizi. Alikuwa ameshajaza kwa mwandiko wake wa kulala, kila herufi mahali pake. Jina la mwombaji: Celine Khalayi. Chini yake: Jina la jirani. Na hapo ameandika Sylvance Ondiek.

Niliisoma mara mbili, hakunihimiza.

"Hapa?" nikauliza.

"Hapo."

Nikatia sahihi. Akapuliza wino ukauke, akaikunja karatasi, akauliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Akaitikia kwa kichwa, akashukuru, akatoka. Nilibaki nimesimama nikizisikiliza kokoto mpaka zikafika kwake.